Maji ya Kunyonyolea Kuku

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mchungaji mwenyewe, kwa sauti nzuri, na alipofika kwenye mwaka wa Kyuso aliumaliza kwa sentensi moja: kwamba baada ya chuo kikuu mama yetu alijaribu utafiti kwa muda mfupi, haukuzaa matunda, ndipo Mungu akamfungulia mlango wa ualimu. Watu wakasema amina. Mimi sikusema. Nilikuwa nimeketi mstari wa nyuma kabisa wa hema, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umezama udongoni. Nilikuwa nimetoka Kyuso juzi yake, nikalala Emali kwa binti yangu, nikafika Kibwezi mapema kuliko hata jeneza. Miguu ilinivimba, na hasira ilinipanda polepole, hasira ya mtu mzima ambayo haipigi kelele. Muda mfupi! Huo muda mfupi ulikuwa mwaka mzima, na mimi nilikuwemo ndani yake tangu siku ya kwanza hadi siku tuliyofunga mlango. Na kama kuna mtu aliyekaribia kuuharibu mwaka huo kwa mikono yake mwenyewe, ni mimi niliyekuwa nimekaa pale nyuma nikinung'unika.

Ukoo wangu sitausimulia, hauna lolote la ajabu. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, miaka ile ya sabini, na Kyuso hapakuwa na kazi ya msichana aliyesoma isipokuwa kungoja kuolewa. Ndipo tukasikia kuna mwanamke wa chuo kikuu amepewa chumba nyuma ya zahanati na anatafuta msaidizi. Nilimkuta amepiga magoti, anasugua sakafu, kitambaa kichwani, nikamwuliza yuko wapi Dakta Syombua. Akanyoosha mgongo, akaniambia, "Ndiye anasugua." Watu walimwita Dakta kwa sababu ya koti lake jeupe. Yeye alikuwa bado hajafika huko, udaktari wenyewe ulikuwa wa vitabu, na mwaka huo ndio ungeamua kama angeupata. Hakuniuliza alama zangu za mtihani. Aliniuliza, "Kalekye, unaweza kuangalia kitu saa nzima bila kukigusa?" Nikajibu ndiyo bila kusita. Ulikuwa uongo, na haukuchukua muda mrefu kujulikana.

Chumba kile zamani kilikuwa ghala la saruji, na kila tulipofungua dirisha upepo uliamsha vumbi jeupe kwenye pembe, hata tulipokuwa tumefagia mara tatu. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, na tundu la kitasa lilikuwa bado lipo, tukaligeuza pahali pa kusimamishia tyubu za kioo. Kulikuwa na jiko la mafuta, mizani ndogo ndani ya sanduku lake, katoni ya chaki za ubaoni, chupa za dawa alizokataza nisizifungue, na friji ya mafuta ya taa ambayo zahanati ilikuwa imeikataa kwa sababu mlango haukufunga. Dakta aliufunga kwa mpira wa baiskeli. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi, mchana tulikula muthokoi, mahindi yale yaliyokobolewa yakapikwa na kunde, tukikalia vigoda nje chini ya ukingo wa bati ili chakula kisikaribiane na dawa. Hilo alilishika kama amri ya kanisa. Siku moja nilisahau nikaingia na kikombe, akakipokea mkononi mwangu, akakimwaga nje, akanirudishia kikombe kitupu.

Sasa nieleze tulichokuwa tukitafuta, maana mchungaji hakukieleza na nadhani hakuwahi kuelezwa. Kyuso kiangazi kikikaza, mboga hupotea kabisa, na kulikuwa na watoto ambao jua likianza kuzama walikuwa hawaoni. Mchana wanacheza, jioni wanapapasa ukuta. Muthengi, mwenye bucha ya sokoni, alikuwa na binti aitwaye Kavinya ambaye jioni alikuwa akigonga kigoda kile kile kila siku, mpaka mama yake akakihamisha, na mtoto akaanza kugonga mtungi. Dakta alinieleza kwa kamba ya katani, ile tunayosokotea vyondo, vikapu vyetu. Alifunga fundo huku na fundo kule. "Hii tuseme ni karotini," akasema. "Iko kwa majani ya kunde, kwa karoti, kwa embe. Ukiila vile iko, jicho haliwezi kuitumia." Kisha akachukua kisu akaikata katikati, zikawa kamba mbili fupi, kila moja na fundo lake. "Sasa ni vitamini A. Sasa ni ya macho. Na kisu chenyewe ni kimeng'enya, kiko ndani ya utumbo. Wa mbuzi, wako, wangu." Alitaka kukitoa kisu hicho kwenye utumbo wa mbuzi, akiweke kwenye tyubu pamoja na karotini, apate vitamini yenyewe, matone ya chupa, itengenezwe hapa hapa kwa mbuzi wetu na majani yetu, isingojwe kutoka ng'ambo.

Nilipenda wazo hilo hadi nikalala nalo, lakini kichwa changu kilikuwa na ukaidi. Siku chache baadaye nikamwuliza: ikiwa Kavinya naye ana kisu chake tumboni, si basi anachokosa ni kamba tu? Apewe majani. Dakta akatoa chaki mbili kwenye katoni. Aliponda majani mabichi ya kunde pamoja na dawa moja iliyonuka kama petroli, akasimamisha chaki ya kwanza ndani yake. Akafanya vivyo hivyo na majani makavu, yale mama zetu walikuwa wakianika juu ya mwamba nyuma ya soko mvua zikiisha, tukiyahifadhi kwa kiangazi. Rangi zilianza kupanda kwenye chaki zenyewe, kijani kikabaki chini, na juu yake, kwenye chaki ya majani mabichi, ukatokea mstari mpana wa rangi ya chungwa, safi, mzuri mno. Kwenye chaki ya majani makavu mstari huo ulikuwa mwembamba kama uzi, ukiukosa unafikiri ni macho yako. "Unaona?" akasema. "Tunakausha mboga, karotini inaenda. Tunakula rangi ya kahawia. Ndio maana nataka chupa." Nilikumbuka magunia yote ya mboga kavu niliyokula tangu utotoni nikasikia huzuni ya kweli.

Kazi ikawa ya mbuzi. Kila Muthengi alipochinja, nilikuwa pale kabla ngozi haijamaliza kuvuliwa, na kyondo kilichojaa vumbi la mbao na barafu ndani yake, maana kimeng'enya hakipendi joto wala kuchelewa. Nilikimbia na utumbo ule hadi chumbani, Dakta akaupasua kwa urefu na kukwangua utando wa ndani kwa ukingo wa kioo, taratibu, juu ya beseni la barafu, mpaka vidole vyake vikafa ganzi. Utumbo uliobaki hatukuutupa. Niliuosha, nikaukaanga nje na vitunguu, na Dakta alikuwa akisema hakuna maabara nyingine duniani inayonukia hivyo. Wanawake waliongoja kliniki waliketi ukutani upande wa pili, na dirisha likiwa wazi tuliwasikia. "Huyo mama anakwangua matumbo ya mbuzi atoe macho." "Macho ya nani?" "Si ni ya hao watoto! Anatoa kwa mbuzi anaweka kwa mtoto." "Na mbuzi?" "Mbuzi si ameshakufa!" Dakta aliinama juu ya beseni, mabega yakimtikisika kwa kicheko, lakini mkono unaokwangua haukusimama. Huwa nawaambia wajukuu wangu kwamba nimewaona watu wenye akili wengi katika maisha yangu, ila mtu mwenye akili anayeweza kuchekwa bila kuharibu kazi, nimemwona mmoja.

Siku ya kwanza tulipoipata vitamini yenyewe, ilikuwa mchana, na joto la Kyuso lilikuwa limefanya bati lilie. Kulikuwa na dawa moja ya kupimia ambayo ikikutana na vitamini A hugeuka buluu, na buluu hiyo haikai, unahesabu kidogo tu imeondoka. Dakta alidondosha, tukainamisha vichwa hadi vikagongana. Ikatokea. Ilikuwa hafifu, buluu ya shati la shule lililofuliwa muhula mzima, nami nikapiga kigelegele hadi mhudumu wa zahanati akaja mbio akidhani kuna aliyejifungua. Dakta hakupiga kelele. Aliandika kwenye daftari, akaweka kalamu, akatoka nje, nikamwona kupitia dirishani amesimama akiangalia mlima, mikono kiunoni. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Jumapili ile alitoa shukrani kanisani bila kusema ni ya nini.

Ila mara moja si ushahidi, alivyokuwa akiniambia, na chuoni hawakuridhika na daftari. Profesa aliyekuwa akimsimamia aliandika kwamba atakuja mwenyewe aone. Akiona buluu, kazi itaendelea na Dakta atamaliza udaktari wake. Asipoiona, chumba kifungwe, vioo virudishwe. Barua ilikuwa fupi hivyo. Dakta alinisomea mezani kwa sauti ya kawaida, akaikunja, akaiweka chini ya mizani, na tangu siku hiyo akaanza kula nusu sahani.

Siku ya mgeni, Muthengi alichinja alfajiri kwa ajili yetu, mbuzi wa kiume mzuri, na akauleta utumbo mwenyewe kwa heshima ya siku. Dakta alikuwa ameenda barabarani kumpokea Profesa. Niko peke yangu chumbani, nimevaa rinda la kanisani, naangalia utumbo ule juu ya meza, na nilichoona ni kinyesi. Niliuvumilia uchafu ule siku zote, lakini siku zote hakukuwa na mgeni. Sasa mniambie ni msichana gani aliyelelewa na mama wa Kikamba angemwekea mgeni wa kutoka Nairobi matumbo mezani yakiwa na majani ya kijani ndani. Kwetu mwanamke alipimwa kwa matumbo yake, namaanisha yale anayopika: yakiwa na mchanga au harufu, jina lako lilitembea hadi Mwingi. Nilikuwa tayari nimechemsha maji, kwa sababu majani ya kunde tuliyochuma kwenye bustani za mtoni yalikuwa na vumbi, nami nikayachovya humo kidogo yapate kung'aa, nikayatandaza kwenye ungo karibu na dirisha. Maji yakabaki, moto wake mzuri. Nikaupindua utumbo ule nje ndani kwa kijiti, kama nilivyofundishwa, nikautumbukiza, nikausugua ukawa mweupe kabisa. Nikaurudisha kwenye barafu. Nilijisikia nimeokoa nyumba.

Profesa alikuwa mtu wa Murang'a, mpole, kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi letu. Dakta alikwangua mbele yake. Nilimwona akikunja uso, maana utando ulitoka kidogo, lakini hakuwa na nafasi ya kuuliza. Akachanganya, akangoja muda wake, akadondosha dawa. Hakuna. Akarudia. Maji yalikaa vile vile ya manjano, na sote watatu tulibaki tukiyaangalia hata baada ya kujua. Profesa hakumdhihaki, hilo nitamshuhudia. Aliomba waketi, nikatumwa nje nikatengeneze chai, na nikiwa chini ya dirisha nasukuma kuni nikasikia kila neno.

"Bi Syombua," akasema, "ile buluu ya kwanza, hukuona inaweza kuwa ni uchafu? Tyubu haikuoshwa vizuri, dawa imezeeka. Hutokea kwa kila mtu."

Halafu sauti ya Dakta, ndogo, "Inawezekana."

"Basi andika hivyo. Hakuna aibu. Andika kwamba matokeo ya kwanza yalikuwa kosa."

"Nitaandika."

Nasema kweli, sikuwa najua sayansi ya kutosha kuelewa nilichofanya. Lakini nilijua tofauti moja tu ilikuwapo kati ya siku ile na leo, na tofauti hiyo ilikuwa mikono yangu. Na nilijua buluu ile haikuwa uchafu kwa sababu niliiona. Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu angejua hadi leo, Dakta angeandika barua ya kujikana, nami ningeenda nyumbani na jina zuri la usafi. Niliingia mikono mitupu, bila chai, nikasimama karibu na mlango.

"Dakta, mimi niliosha hiyo matumbo."

Akageuka. "Uliosha aje?"

"Niliosha tu. Ilikuwa chafu na mgeni anakuja. Niliipindua nikaisugua."

"Na maji baridi?"

"Hapana. Ya moto."

"Moto kiasi gani, Kalekye? Ya kuoga?"

"Ya kunyonyolea kuku."

Profesa aliangua kicheko kwanza, akakizuia kwa kofia. Kila mtu aliyekulia kijijini anajua maji hayo: yamechemka, yameepuliwa, yakapoozwa na kikombe kimoja cha maji baridi, ukimchovya kuku manyoya yanaachia lakini ngozi haipasuki. Dakta yeye hakucheka. Alisimama akaja mpaka mbele yangu, nami nikafunga macho, maana nilidhani atanipiga kofi na nilikuwa nimekubali. Akanishika mabega. Akamgeukia mgeni wake, na maneno aliyosema nimeyabeba maisha yangu yote.

"Profesa, sitaandika hiyo barua. Uchafu haufi kwa maji ya moto, uchafu unaoshwa tu. Hiki kitu kilikuwa hai, na msaidizi wangu amekipika. Hili ni jaribio la ulinganisho, kibichi na kilichopikwa, na mimi mwenyewe sikufikiria kulifanya."

Aliniita msaidizi wake mbele ya mtu mkubwa dakika ile ile aliyopaswa kunifukuza. Profesa akaacha kutabasamu, akafikiri, akachukua daftari akaanza kuandika. Alimpa hadi mwisho wa mwaka. Mimi nilikuwa nikijifuta machozi kwa kiganja niliposikia Dakta ananiuliza tena, kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu aliyesikia mlango ukifunguka mahali fulani nyumbani.

"Hayo maji uliyatumia kwa kitu kingine?"

"Majani," nikasema. "Yalikuwa na vumbi."

Akatazama ungo dirishani, akautazama kwa muda mrefu, na sikuelewa kwa nini hakula chakula cha mchana hata ile nusu sahani.

Majani yale yalikauka na kubaki ya kijani. Hilo peke yake lilikuwa ajabu kwangu, mboga kavu ya kijani sikuwahi kuiona. Dakta akaniambia tusubiri, akayafunga ndani ya mfuko wa karatasi, akayaweka juu ya rafu wiki kadhaa kando ya majani mengine tuliyokausha bila kuyachovya, na kila siku nilitamani kufungua na kila siku aliniambia, "Angalia bila kugusa." Siku alipotoa chaki, mstari wa chungwa ulipanda mpana, karibu sawa na wa majani yaliyotoka shambani. Alikaa kwenye kigoda chake. Ndipo akanieleza kwamba majani nayo yana vimeng'enya vyao, na kimoja ni mharibifu: jani likinyauka polepole mwambani kinazinduka na kuila karotini yote kabla mboga haijaingia guniani. Maji yale ya kuku yalikuwa yamekiua. Moto ule ule uliomharibia kisu chake cha mbuzi ulikuwa umemwokolea kamba. "Nilijua hayo yote, Kalekye," akasema, akijigonga paji la uso. "Nimeyasoma kwa vitabu. Nilikuwa nimeangalia chupa sana." Kisha, akiwa amekunja uso kwa mara ya kwanza tangu siku ya Profesa: "Na usioshe tena kitu changu bila kuniuliza. Hata kikombe."

Hapo ndipo ninapomstahi kuliko mahali pengine pote. Alirudia mbuzi, utumbo mchafu safari hii, na buluu ikaja, hafifu, mbele yetu sisi wawili na mhudumu wa zahanati aliyeitwa awe shahidi. Ilithibitika. Angeweza kuendelea na buluu hiyo hadi kwenye jina na koti la kweli. Lakini alipiga hesabu ya mbuzi wangapi kwa tone moja, akacheka peke yake, akaandika chuoni kwamba kisu tayari kila mtoto anacho na kinachohitajika ni kamba, kwa hiyo anaomba kubadilisha kazi ashughulikie ukaushaji wa majani. Jibu lilikuja: kuchovya mboga kwenye maji ya moto ni upishi, si utafiti. Achague. Alinisomea barua ile mezani kama alivyonisomea ile ya kwanza, akaikunja, akaiweka chini ya mizani. Akaniuliza kama nyumbani tuna sufuria kubwa.

Miezi iliyobaki tulitembea. Nyumba kwa nyumba, yeye na sufuria kichwani, mimi na ungo, na vipande viwili vya chaki ndani ya karatasi ili wanawake waone kwa macho yao. Kipimajoto hakuna aliyekuwa nacho, hivyo akasema maji ya kuku, na hakuna aliyeuliza swali la pili. Saa pia hakuna aliyekuwa nayo, hivyo akasema ubeti mmoja wa wimbo, imba ubeti mmoja wa kanisani majani yakiwa majini, usikimbize, kisha toa, kausha kivulini. Mwambani ni marufuku. Wengine walimwambia mboga isiyoona jua itaoza, wengine walisema amechoka kukwangua matumbo sasa anafundisha watu kupika. Alikubali yote kwa kichwa na kuchochea moto. Muthengi alikuwa wa kwanza kujaza debe zima la mboga hiyo, mkewe akiipika kila mara na kijiko cha mafuta ya mbuzi, kwa sababu Dakta alisema karotini bila mafuta inapita tu. Kiangazi kilichofuata, Dakta akiwa ameshaondoka, nilipita kwao jioni jua likiwa limekwisha kuzama, nikamkuta Kavinya uani anaingiza kuku kwenye kibanda, mmoja mmoja, anawahesabu. Nilitaka kumwandikia Dakta siku ile ile. Niliandika, na alijibu kwa mstari mmoja: "Kuku wangapi?"

Tulifunga chumba mwisho wa mwaka. Yeye akaenda kufundisha shule huko Makueni, akaolewa Kibwezi, akafundisha hadi akastaafu, na udaktari hakuupata. Mimi nilisomea uuguzi kwa barua aliyoniandikia. Tulionana mara chache mno, na hilo ni kosa langu.

Mchungaji alikuwa bado anasoma. Nilisimama polepole nikatoka hemani kwa nyuma, kwa sababu nilihisi nikibaki nitasema jambo la kuaibisha watoto wa marehemu. Nyuma ya nyumba ndipo palipokuwa na jiko la wageni, masufuria juu ya mawe, na magunia ya majani ya kunde yaliyoletwa na majirani, mengi kuliko matanga yangeweza kula. Mwanamke mmoja kijana, mtoto mgongoni, alikuwa amebaki peke yake kwenye sufuria ya pembeni. Aliepua maji, akamimina kikombe cha maji baridi, akatumbukiza majani kwa mikono miwili. Kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini, ubeti mmoja, bila haraka. Ulipokwisha akayatoa kwa chujio, akayatandaza kwenye ungo chini ya paa la majani.

"Mama, unafanya nini?" nikamwuliza, ingawa nilijua.

"Ni hii mboga imebaki, susu," akasema, kwa jina lile lile wanaloniita wajukuu wangu. " Nakausha isiharibike."

"Na maji ni ya namna gani?"

"Ya kuku." Alinitazama kama mtu anayeulizwa njia ya kwenda mlangoni kwake. "Si lazima iwe ya kuku?"

"Nani alikufundisha?"

"Kufundishwa tena? Kwetu ndivyo inakaushwa. Mama mkwe anafanya hivi, na mamake alikuwa anafanya. Tangu zamani."

"Na wimbo?"

"Bila wimbo inaharibika," akasema, akicheka kidogo.

"Marehemu ulimjua?"

"Hapana, mimi nimeitwa kusaidia jikoni tu. Wanasema alikuwa mwalimu."

Sikulia kaburini siku ile, wala hemani. Nililia pale, nimesimama kando ya sufuria ya watu nisiowajua, na sikujaribu hata kujificha. Yule mwanamke aliweka chujio chini, akanishika mkono kwa upole akanisogeza.

"Pole, susu. Ni moshi huo. Kuja upande huu."

Nikaenda upande ule. Nikashika kona ya pili ya ungo, naye akatumbukiza majani mengine, akaanza ubeti.